Barazani: Wametunyima uwanja wa Maulidi

SWALI

Mzee wetu wa Barazani, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Majengo, Mombasa, na tangu 2006 ninaishi katika mji mdogo wa katikati ya Uingereza. Sisi Waswahili wa hapa, hata ukitujumlisha na ndugu zetu Wabarawa na Wakomoro, hatufiki nyumba sitini. Kwa miaka tisa tumekuwa tukisoma Maulidi ya wazi, Jumamosi moja tu, kwenye uwanja wa halmashauri ulio kando ya mto. Wageni hutoka London, Leicester, Milton Keynes. Tunafika watu mia tano, mwaka mzuri mia sita. Tunatandika mikeka, madufu yanapigwa, watoto wanaimba kasida zao, tunakula, tunaokota takataka, na saa moja jioni uwanja ni mtupu.

Mwaka huu tumeletewa barua ya mistari minne. Shughuli yetu "haiendani na matumizi ya uwanja", na tena kuna malalamiko ya kelele na magari. Uwanja huohuo kila Juni una tamasha la bia la siku tatu, na jukwaa la muziki. Mume wangu anasema tuache, tusome ndani kama zamani, tusijitafutie maneno. Vijana wanasema twende tu, watutoe wakiweza. Mimi niko katikati na kila mtu ananitazama mimi, maana fomu huwa najaza mimi.

Mama Watatu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mke wangu. Nilipofika pale pa tamasha la bia akaweka kikombe chini. Sikukujibu siku ile. Nilingoja hasira ipoe, kwa sababu unachohitaji kwangu ni njia ya kupita, na mtu mwenye hasira haoni njia.

Kabla sijastaafu niliendesha mabasi ya kukodi kwa miaka ishirini na sita, makao yangu Watford. Kila mwaka, Agosti au Septemba, kulikuwa na safari moja niliyokuwa naiomba mwenyewe: kuwachukua akina mama wa Kihindu kutoka Wembley na kuwapeleka Letchmore Heath, kijiji kidogo cha Hertfordshire, kwenye Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna, mungu wao. Mimi ni Muislamu wa Kibokoni, sikuwa na langu kule. Nilikuwa nakifuata Kiswahili. Basi zima lilikuwa Kisumu, Jinja, Mwanza na Nakuru. Wamefunga tangu asubuhi, mapajani wamepakata masufuria ya vitamu ambavyo wao wenyewe hawatavionja hadi usiku wa manane, na njia nzima wanabishana duka la nani lilikuwa linatazamana na stesheni ya Kisumu.

Njia ya kuingia kijijini ilikuwa nyembamba, ua wa miti huku na huku. Mwaka mmoja nilikutana uso kwa uso na trekta lililobeba majani. Kioo changu cha kushoto kimezama ndani ya ua, na nyuma yangu magari hayana hesabu. Mama mmoja wa makamo, sari ya kijani, aliteremka bila kuulizwa, akaikunja sari yake, akasimama katikati ya barabara, akaanza kuniongoza. "Kulia kidogo, baba. Njoo. Njoo. Simama! Utavunja taa." Upande wa pili bibi mmoja wa Kizungu alikuwa dirishani kwake, mkono umeshika pazia. Gari lake liko uani na hawezi kulitoa. Tulimfungia hivyo kama dakika ishirini. Wala hakutukana. Alitazama tu. Nakuhadithia haya, mwanangu, ujue kwamba foleni ya Letchmore Heath haikuwa uzushi. Nimeiendesha mimi.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumba lile liliitwa Piggott's Manor, na lilikuwa chuo cha wauguzi. Mwaka 1973 George Harrison, yule mwanamuziki wa kundi la Beatles, alilinunua akawapa watu wa Hare Krishna, jumuiya ya Kihindu ya wafuasi wa Krishna, nao wakaliita Bhaktivedanta Manor. Kwenye makaratasi ya mipango miji liliandikwa kuwa chuo cha dini, mahali pa wanafunzi kulala na kusoma. Lakini mwaka mmoja tu nyuma yake, Agosti 1972, Idi Amin alikuwa amewapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na karibu 28,000 kati yao waliingia Uingereza. Wa Kenya walikuwa wameshaanza kuja mwishoni mwa miaka ya 1960. Watu hawa walikuwa wameacha mahekalu yao Kampala na Nairobi na Mombasa, na huku walikuwa wakisali sebuleni. Wakasikia kuna jumba lina madhabahu, lina bustani, lina ng'ombe, na mlango uko wazi. Basi kitu ambacho kwenye faili ni chuo, Jumapili kikawa hekalu la nusu ya kaskazini ya London, na siku ya Janmashtami kikawa bahari ya watu.

Wenyeji wakalalamika. Mwaka 1983 watu wa hekalu na halmashauri waliandikiana mapatano kuhusu idadi ya wageni, lakini hayakuzima moto. Mwaka 1987 Halmashauri ya Hertsmere ikatoa notisi ya kuzuia jumba lisitumiwe kwa ibada ya hadhara na sikukuu za wazi. Wakakata rufaa. Ukafanyika uchunguzi wa hadhara mwaka 1988, na mwaka 1990 waziri akasimama na halmashauri, akawapa miaka miwili ya kujipanga. Mahakama hazikuwasaidia. Wakaenda hadi Strasbourg, kwenye Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na tarehe 8 Machi 1994 Tume ikakataa shauri lao. Siku nane baadaye, tarehe 16, notisi ikaanza kung'ata.

Siku hiyo ya tarehe 16 watu zaidi ya 30,000 walitembea katikati ya London hadi Bungeni. Nami nilikuwa kazini, nimewapeleka wangu. Yule mama wa sari ya kijani alikaa kiti cha mbele, nyuma yangu, na tulipokuwa tumenasa Edgware Road aliniambia: "Baba, kwanza nilifukuzwa na Amini. Leo nafukuzwa na maegesho." Aliyasema macho yake yako dirishani. Sikujua la kumjibu, na hadi leo sijui.

Tazama vizuri kosa la halmashauri lilikuwa wapi. Walikuwa na tatizo la kweli: barabara nyembamba, magari mengi, bibi hawezi kutoka kwake. Dawa waliyoandika ni kuzuia sala. Mguu unauma, wao wanafunga mdomo. Nasema hivi nikijua kuwa kuna wenyeji waliokuwa na haki yao, na mmoja nilimwona kwa macho yangu akishika pazia. Lakini mtu akiwa na taabu ya magari, mpe dawa ya magari. Na dawa ilikuwepo. Watu wa hekalu walitaka kukata barabara nyingine kutoka Hilfield Lane, iingie kwa nyuma bila kukigusa kijiji. Hilo nalo likaenda kwenye uchunguzi wa hadhara mwaka 1995, na Mei 1996 waziri wa Mazingira, John Gummer, akatoa kibali: barabara ijengwe, na ibada ya hadhara iruhusiwe. Barabara ile leo inaitwa Dharam Marg, yaani njia ya dharma, wajibu wa dini. Janmashtami ya siku hizi inapokea watu zaidi ya 50,000 kwa siku mbili, na hawapiti dirishani kwa bibi yeyote. Tangu notisi ya 1987 hadi kibali cha 1996 ni miaka tisa. Miaka tisa kwa ajili ya kipande cha njia.

Sasa tuje kwako. Hali yako na ya wale wa Letchmore Heath zinatofautiana kwa mambo mawili. La kwanza linakuumiza: wao walikuwa kwenye ardhi yao, wewe uwanja ni wa halmashauri. Kwa hiyo vijana wasiende tu. Wakiingia bila ruhusa, mazungumzo yote yatageuka kuwa juu ya kuvamia, na neno Maulidi halitatajwa tena. La pili linakusaidia, na ni kubwa. Mwaka 1990 Waingereza hawakuwa na sheria yao ya haki za binadamu ya kushika mkononi, ndiyo maana wale watu ikawabidi waende hadi Strasbourg. Leo iko: ya mwaka 1998, ilianza kazi Oktoba 2000, na uhuru wa dini umo. Na iko Sheria ya Usawa ya 2010. Kifungu chake cha 149 kinaitaka halmashauri, kila inapoamua jambo, izingatie namna ya kuondoa ubaguzi na kuwapa watu wa dini zote nafasi sawa. Kuzingatia huko hakuishii moyoni. Wakiulizwa waonyeshe walivyofanya, inabidi wawe na cha kuonyesha.

Kwa hiyo andika barua mbili, wiki hii, usingoje Ijumaa ipite. Moja ni kwa ofisi iliyokukatalia, kwa adabu: naomba sababu kamili kwa maandishi, nani ameamua, lini, na kwa mwongozo gani wa matumizi ya uwanja, tena naomba kuona jinsi kifungu cha 149 kilivyozingatiwa. Ya pili peleka kwa njia ya Sheria ya Uhuru wa Habari ya 2000. Omba orodha ya shughuli zote zilizofanyika uwanjani hapo kwa miaka mitatu, malalamiko mangapi yaliandikwa kwa kila moja, na ya nini. Wana siku 20 za kazi kukujibu. Barua hii ya pili ndiyo nzito. Kama malalamiko ya Maulidi ni mawili na ya tamasha la bia ni kumi na saba, karatasi yao wenyewe itasema, nawe huna haja ya kuinua sauti. Na kama ni kinyume chake, bora ulijue mapema wewe kuliko kuambiwa mbele za watu.

Kisha itafute fomu ya kwanza uliyojaza miaka tisa iliyopita. Hili nimelipata kwa wale wa hekalu, na nalisisitiza. Mliandika nini pale penye "aina ya shughuli"? Kama mliandika "mkusanyiko wa familia" ili mambo yapite haraka, basi na nyinyi mna jumba ambalo kwenye faili ni chuo. Safari hii andikeni jina lake: Maulidi, sikukuu ya dini ya Kiislamu, ya wazi, majirani wote wakaribishwe. Karani akikuambia kwamba madufu na kasida vinahitaji leseni ya burudani, mjibu taratibu kuwa Sheria ya Leseni ya 2003 imeiacha nje burudani inayofanywa kwa ajili ya mkutano au ibada ya dini. Hilo halikupi ruhusa ya kumtoboa jirani masikio. Kero ya kelele ina sheria yake, na vipaza sauti vielekee mtoni.

Kuhusu magari usibishane nao hata neno moja. Wakubalie. Waambie: ni kweli, na hii hapa dawa yake. Tafuta shule au kiwanda kinachofungwa Jumamosi, omba maegesho yao, kodisha basi dogo moja liende na kurudi. Weka vijana kumi wenye vizibao vya kung'aa njia panda, hao hao wanaosema twende tu, wapate pa kuzitumia nguvu zao. Chora ramani kwa mkono hata kama si nzuri. Kisha wewe na mumeo mpite nyumba zinazopakana na uwanja, moja moja, na sahani ya halua iliyofunikwa. Muwaulize mwaka jana kiliwakera nini. Wengine hawatafungua. Mwingine atakueleza jambo dogo ambalo halmashauri haikuliandika popote, pengine gari moja lililoziba lango lake saa nane mchana. Mimi laiti ningeshuka siku ile nikamgongea yule bibi, nikamwambia samahani mama, tunakufungulia sasa hivi. Nilikaa kwenye usukani.

Mtafuteni pia diwani wa kata yenu, mmpe ramani na mwaliko, mkamuulize uso kwa uso kama atasema neno kwenye kikao. Halmashauri nyingi zina kipindi cha maswali ya wananchi. Aende mtoto wako mkubwa akasome swali, kama ana moyo huo.

Wakikaza, kuna milango mingine. Mkimaliza ngazi za malalamiko za halmashauri yenyewe, yuko Mchunguzi wa malalamiko ya serikali za mitaa, ni bure, na mpeleke ndani ya miezi 12 tangu mlipolijua jambo lenyewe. Mahakama Kuu inaweza kuupitia uamuzi, lakini hapo lazima mwende mapema sana, na isizidi miezi 3 tangu uamuzi kutolewa. Kwa hiyo tarehe ya ile barua ya mistari minne izungushie kalamu nyekundu leo, na umwone wakili wa kituo cha msaada wa sheria sasa, kabla hujajua kama utamhitaji.

Na Maulidi ya mwaka huu msiyaache. Kwa Uingereza bara, ardhi ya wazi kwa kawaida inaweza kutumika kwa shughuli ya muda hadi siku 28 kwa mwaka bila kuomba kibali cha mipango miji. Nyinyi mnataka siku moja. Kama kuna mkulima pembeni ya mji atakayewakodisha shamba likishavunwa, someni huko, na uwanja wa mto mwendelee kuudai. Mumeo nisalimie sana. Hofu yake naielewa, ni hofu ya mtu aliyehama. Lakini ndani mmeshasoma. Watoto wako wamezaliwa hapo, na wanapoimba chini ya mbingu ya mji wao, hapo ni kwao.

SWALI

Mzee, shikamoo. Sisi ni vijana wa kikundi cha matari, London. Mwaka huu, Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, tunataka kutoka kwa zefe, tutembee kama maili moja kutoka ukumbini hadi msikitini, kama Lamu. Hatujawahi kufanya. Kuna mtu anasema polisi wana haki ya kutukatalia, mwingine anasema maandamano ya dini hayahitaji kumwambia mtu. Nani kasema kweli?

Mpiga Rika

JIBU

Marahaba. Wote wawili wamekosea kidogo. Sheria ya Utulivu wa Umma ya 1986, kifungu cha 11, inataka msafara wa kuadhimisha tukio utolewe taarifa ya maandishi polisi, siku sita kamili kabla: tarehe, saa mtakayoanza, njia mtakayopita, jina na anwani ya mmoja wenu anayeuandaa. Ile ni taarifa, wala hamuombi ruhusa. Polisi wanaweza kuweka masharti ya njia na muda pale wanapoona kuna hatari kubwa. Msafara uliozoeleka mahali hapo umesamehewa taarifa, lakini wenu ni wa kwanza, kwa hiyo pelekeni. Msingoje siku ya sita, pelekeni mwezi mzima mapema, muombe mkae nao mezani.

Kufunga barabara ni habari nyingine, hiyo ni ya halmashauri. Inachukua wiki nyingi. Kama hamna muda, chagueni njia yenye kando pana, mtembee wawili wawili, mabendera mbele, watoto katikati, mtu mmoja nyuma kabisa wa kuokota kinachoanguka. Itembeeni njia nzima siku moja kabla, mkihesabu taa za barabarani na vituo vya mabasi. Mkikuta nyumba ya kulea wazee njiani, ingieni mkawaambie mtapita saa ngapi, na mpiga tarumbeta apumzike hadi mvuke kona.